Kupasha Joto Chumba cha Mama Mkwe Bila Kuvuka Kizingiti

Mkuu wa karakana aliniomba, wiki ile ya kuniaga, niwaandikie ukurasa mmoja juu ya kuwasha magari ya dizeli msimu wa kipupwe. Alisema ukurasa mmoja, na nadhani alimaanisha. Mimi nimekaa na kalamu siku tano, mke wangu ameshanihamisha mezani mara kadhaa ili watu wapate kula, na ukurasa umekuwa huu mrefu mnaouona. Mtu aliyelala chini ya magari zaidi ya miaka thelathini, akizungumza na matumbo ya injini tu, siku akipewa nafasi ya kusema huwa hanyamazi.

Vyeo sitavitaja kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara sitautaja kwa sababu hiyo hiyo. Nitasema habari za baridi. Ninyi mliotoka vyuo vya Dar es Salaam na Tanga mmefundishwa injini inayoishi kwenye joto. Ya hapa Lushoto inaishi kwenye ukungu, na hiyo ni injini nyingine kabisa hata kama namba zake zinafanana. Tena nitawaambia habari ya mama mkwe wangu, maana kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya haikuwa ya gari. Ilikuwa kukipasha joto chumba cha mama huyo ili asihamishwe kwenda Korogwe, na ilinibidi niifanye bila kuingia chumbani humo hata mara moja.

Lakini tuanze mwanzo. Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa mwezi wa saba. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimevaa shati jeupe la mikono mifupi, kwa kuwa nilidhani ajira ni jambo la kuvalia shati jeupe. Fundi mkuu wakati ule alikuwa Mzee Shehoza, mtu mfupi mwenye makoti mawili, moja juu ya jingine, na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Alikuwa ameweka kiganja juu ya boneti la Land Rover kama mtu anayempima mtoto homa.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Huyu hajaamka. Kachukue birika la maji ya moto pale jikoni."

Nilikwenda mbio, nikarudi na birika la lita kumi. Mzee alikuwa ameinama anatafuta matambara. Mimi nikaona kioo cha mbele kimefunikwa na umande mzito, nikajisemea hapa ndipo pa kuonyesha bidii. Nikamwaga. Kioo kikapasuka kuanzia kona hii mpaka kona ile, taratibu kabisa, tukikitazama wote wawili. Mzee Shehoza hakufoka. Alinyoosha mgongo, akaniambia, "Umeshajua somo la kwanza. Wengine huwachukua mwezi." Land Rover ile ilitembea na kioo kile kwa muda mrefu sana, na kila dereva aliyeniona alinipungia mkono kupitia upande uliopasuka.

Basi na ninyi jifunzeni bila kuvunja kitu. Maji ya moto hayamwagwi kwenye kioo, wala hayamwagwi moja kwa moja kwenye pampu ya dizeli iliyolala baridi, maana chuma nacho kina hasira. Pampu huvikwa tambara kwanza, halafu maji ya vuguvugu yanamwagwa juu ya tambara, kidogo kidogo, kisha ya moto zaidi. Mengine yanatiwa kwenye rejeta, baada ya kutoa yale ya baridi. Na msiweke jiko la mkaa chini ya injini, hata kama mmewaona madereva wa malori wanafanya. Mzee Shehoza alikuwa na nyusi moja tu. Ile nyingine aliiacha chini ya lori moja kule Soni, na aliitumia ile iliyobaki kutufundishia.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: spana saba, bisibisi mbili, taa ndogo yenye waya mbili ya kupimia plagi, na gunia. Gunia ndilo alilolipenda kuliko vyote. Jioni ya baridi alilikunja mbele ya rejeta ili upepo usiingie, akalifunga kwa kamba ya mkonge, akaliaga. Kweli kabisa, alikuwa analiambia gunia kwaheri.

Kisha kulikuwa na suala la betri. Betri ikipata baridi nguvu zake hupungua nusu, ndiyo maana kila fundi wa zamu alitakiwa kuichomoa jioni na kwenda kulala nayo nyumbani, jikoni, mahali penye joto. Inawekwa juu ya ubao, mbali na moto wenyewe, maana inatoa hewa inayoweza kulipuka. Nilipooa, mke wangu, Mama Elia, alikuja kwangu akitegemea kukuta sufuria na vikombe. Akakuta betri mbili. Wiki ya kwanza aliniuliza kwa upole zinakula nini. Wiki ya pili aliniuliza kwa nini zimepewa pale pazuri karibu na mafiga, yeye akakaa mlangoni. Nilimwambia gari la zamu likikataa kuwaka nitaitwa mimi, yeye hataitwa, na jibu hilo bado ananikumbusha wageni wakija.

Katika kesi ngumu za miaka ile nitawapa moja tu, ya Mtae. Gari la bwana shamba mmoja lilikwama kule juu kwenye ukingo wa mlima kwa siku tatu. Kila likiwaka linatoa moshi mweupe, linatetemeka, linazima. Watu walikuwa wameshaanza kusema limetupiwa kitu. Nilipanda kule na Mzee Shehoza, barabara ile mnaijua, tukafika viuno vimehama. Mzee akafungua kifuniko kimoja tu cha bomba la maji, akachungulia, akasema, "Wameitoa." Alikuwa anasema thamostati, kile kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke kabla injini haijapata moto. Mafundi wa bondeni hukitoa na kukitupa kwa sababu huko gari huchemka. Gari likiletwa Mtae bila hicho kifaa linakuwa kama mtu aliyepelekwa kwenye ukungu akiwa na kaptura. Tukaweka kingine, tukalifunika gunia, likawaka. Kumbukeni jambo hili: gari linalotoka bondeni huja limevuliwa nguo, na mwenyewe hajui.

Mzee Shehoza alipostaafu nikabaki mimi, na hapo nikaanza kujiona mtaalamu wa joto lolote, la gari na la nyumba. Hili lilikuwa kosa. Mradi wangu wa kwanza nyumbani ulikuwa jiko la sebuleni. Nilichukua pipa la oili, nikalikata mlango, nikalisimamisha juu ya mawe, na bomba la kutolea moshi nikatumia ekzosi ya lori nzima nzima. Nilipendezwa mno na ile ekzosi, nikaipitisha ukutani, nikaipaka rangi. Sikuitoa sailensa, yaani kile chombo cha kuzuia kelele. Tulikuwa tumemkaribisha mchungaji alasiri ile, na nikawasha moto ili aone. Moshi ulikwenda hadi kwenye sailensa, ukafikiri, ukarudi. Mchungaji alimaliza maombi akiwa uani, na tuliitikia amina kila mtu kutoka upande wake. Jiko lilifanya kazi vizuri siku nilipoitoa ile sailensa, lakini jina la "Sailensa" nilibaki nalo mpaka leo, hata katika orodha ya kwaya.

Sasa nije kwa mama mkwe. Alikuwa akikaa Malindi, ile ya huku kwetu milimani, peke yake, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, akilima viazi na kuchuma plamu zake. Magoti yalianza kumsumbua. Kila kipupwe kikija anashindwa kusimama asubuhi mpaka jua litoke, na jua la mwezi wa saba huku kwetu hutoka linapotaka. Mtoto wake wa kiume, shemeji yangu Yohana, ana duka Korogwe. Akapiga simu, akatuambia mambo yameisha: mama ateremke akaishi bondeni kwenye joto. Mama hakutaka. Alimwambia binti yake kwamba amezaliwa kwenye mpeho, yaani baridi hii yetu, na hajui hata watu wa joto huwa wanaongea nini. Mke wangu alilia. Mimi nilisema, bila kufikiri, kama kawaida yangu, "Mwambie Yohana atupe msimu mmoja. Mama aje hapa kwetu, nami nitampashia chumba."

Yohana akakubali msimu mmoja. Akasema akisikia mama amepata baridi hata siku moja, anakuja kumchukua.

Ugumu nadhani wengi wenu mmeshauona. Kwetu mkwe hasogelei kitanda cha mama mkwe wake. Hampi mkono, hali mbele yake, na chumba anacholala hakiingii, hata kama paa linavuja. Yeye naye hakutumi moja kwa moja. Akitaka jambo anamwambia binti yake, wewe ukiwa hapo hapo unasikia, na binti anakurudishia kama vile wewe ni kiziwi. Nilijenga chumba upande wa juu wa nyumba, chenye mlango wake, na siku mama alipoingia na begi lake, kabla sijafunga bomba hata moja, chumba kile nilichokijenga kwa mikono yangu kikawa nchi ya kigeni.

Jambo zuri ni kwamba nyumba yangu iko kwenye mteremko kama nyumba za watu wote wa huku, na jikoni ni chini kuliko chumba cha mama. Maji ya moto hupanda yenyewe, ya baridi hushuka yenyewe. Nikaweka pipa la maji juu ya moto wa jikoni, nikapitisha bomba moja la kupanda na jingine la kurudi, na kule chumbani nikaamua liwekwe rejeta la Land Rover moja iliyokufa. Karakana walinipa kwa barua, msije mkasema.

Kazi ya ndani ilibidi aifanye mke wangu. Mimi nilisimama nje ya ukuta na kumwelekeza kwa sauti. "Shika mpira wa juu. Kaza kwa spana. Si huko, mkono wa kulia." "Wa kulia wangu au wako?" "Wewe uko upande gani?" "Niko ndani." Tuliendelea hivyo kutwa nzima. Majirani walileta viti. Katika ndoa yetu sijawahi kuongea na mke wangu maneno mengi kama siku ile, na mengi hayakuwa ya kanisani.

Jioni tukawasha. Baada ya saa moja mama akamwambia binti yake, kwa sauti ya kunifikia, "Mwambie mwenye nyumba magoti yangu yameitikia." Nilikwenda nyuma ya banda la kuku nikasimama peke yangu nikicheka. Nimetengeneza magari ya wakubwa, lakini hakuna aliyewahi kunipa salamu za magoti yake.

Wazee wa ukoo walikuja kukagua. Mjomba wa mke wangu aliuliza kama ni halali maji yaliyotoka jikoni kwa mkwe kuingia chumbani kwa mama mkwe na kurudi tena jikoni. Wakajadili kwa vikombe viwili vya chai. Wakaamua maji si mtu, ila nisiyanywe.

Tatizo likawa moja: mama hakuwa na namna ya kunijulisha kama joto limezidi au limepungua. Nikasema, hilo dogo. Nikamfungia honi ya Land Rover ile ile, iliyokuwa na betri yake, na kitufe, ambacho mke wangu alikifunga karibu na kitanda. Mara moja maana yake inatosha, mara mbili ongeza kuni. Mke wangu aliniuliza kama nimefikiria vizuri. Nilimwambia mimi ni fundi.

Sasa ninyi mnajua lori la mboga huwa linapiga honi mara mbili alfajiri, barabarani, ili watu walete mizigo. Asubuhi ya kwanza mama alisikia baridi saa kumi na moja. Akabonyeza mara mbili, kwa kirefu, kwa kuwa ni mtu asiyependa kurudia jambo. Nilipotoka na kuni mkononi niliwakuta watu uani kwangu na magunia ya kabichi. Watu wengine walikuwa bado wanateremka kutoka juu na matenga ya nyanya kichwani, wanakimbia, wanaambiana wawahi. Mbele alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mbaruku, mtu mstaarabu, ametoka msikitini na kanzu, begani ana kiroba cha karoti.

"Baba Elia, habari za asubuhi. Lori liko wapi?"

"Nzuri, balozi. Hakuna lori. Ni mama mkwe."

Akafikiri kidogo. "Mama mkwe anakwenda sokoni?"

"Anasikia baridi."

Mzee Mbaruku aliteremsha kiroba chake taratibu. Alitazama chumba, akatazama waya wa honi, akanitazama mimi. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye mwenyewe ana mama mkwe, anampenda, na hajamfungia honi. Siku ya tatu, baada ya watu kuteremsha mizigo tena, honi iliondolewa kwa amri ya serikali ya mtaa, na lori la kweli lilipokuja watu wakabaki wamelala. Ile wiki nilikuwa napita njia za nyuma.

Bila honi nikawa nakisia. Na fundi anayekisia ni hatari kuliko asiyejua. Jumapili moja nilijaza kuni za muwati, kavu kabisa, nikaenda kanisani nikiwa na amani moyoni. Maji yakachemka. Nilikuwa nimeshaliwazia hilo: kulikuwa na mpira mdogo wa kutolea mvuke, na nilikuwa nimemwelekeza mke wangu, kupitia ukutani, autoe nje kupitia dirishani. Sikujua, kwa vile sikuwahi kuingia kuona, kwamba yeye aliona dirisha likiachwa wazi litaingiza baridi. Akalifunga vizuri, akauingiza mpira kwenye ndoo chini ya kitanda. Alikuwa na akili kunizidi, ila hakuniambia.

Tuliporudi kutoka ibadani tulimkuta mama ameketi uani kwenye kigoda, amejifunga khanga, anatoa mvuke kichwani na mabegani. Hakuungua hata kidogo, namshukuru Mungu. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Mama alimwambia binti yake, "Mwambie mwenye nyumba nimeiva." Halafu akaongeza kwamba kuanzia siku ile moto atautunza yeye, kwa kuwa anaona ndani ya nyumba hii hakuna mtu anayejua moto.

Na aliutunza kweli. Tuliutoa mpira nje kupitia tundu la ukutani, nami nikamfungia jikoni geji ya joto ya gari, ile yenye mshale. Mama akajifunza mshale kwa siku moja. Kila asubuhi alikuwa anateremka na fimbo yake kabla yangu, anaweka magogo matatu, anakaa mbele ya ile geji na chai yake, na mshale ukifika katikati anavuta gogo moja nje. Magoti yakapata mazoezi. Akaanza kunitumia ripoti kupitia binti yake, eti kuni za jana zilikuwa mbichi, eti bomba la kurudi lina hewa ndani. Na lilikuwa na hewa. Nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti ambao wasingeligundua.

Lakini picha ya mama akitoa mvuke ilikuwa imeshaingia kwenye simu. Nani aliipiga sijui mpaka leo, ingawa mjomba alikuwepo. Ilizunguka kundi la ukoo, ikafika Korogwe. Yohana akapiga simu, sauti imepanda.

"Shemeji, nimesikia mnamchemsha mama yangu."

Nilijaribu kumweleza habari ya mpira mdogo na ndoo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Akasema Ijumaa anapanda na Jumamosi asubuhi anateremka na mama, na hili si la kujadili. Mtoto wa kiume wa kwanza akisema hivyo, mkwe huwa hana la kujibu. Mama aliambiwa. Akaanza kukunja nguo zake moja moja.

Yohana alifika Ijumaa alasiri na pikapu yake ya dizeli, kavaa ndala. Ilipofika saa kumi na moja jioni alikuwa amevaa koti langu, na chakula cha jioni alikila jikoni, mgongo umeegemea pipa, hataki kusogea. Alikiri chumba cha mama kina joto kuliko alichopewa yeye. Ila alikuwa ameshasema mbele ya ukoo mzima, na mtu akishasema mbele ya ukoo ni shida kurudi nyuma.

Asubuhi begi la mama likapakiwa. Yohana akakaa kwenye usukani, akawasha. Stata ikazunguka, moshi mweupe kidogo, kimya. Akarudia. Kimya. Ukungu ulikuwa umekaa uani, huoni hata choo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe, na nilijua ugonjwa wake kabla sijafungua boneti. Gari za bondeni plagi zake za kupasha moto huungua, moja baada ya nyingine, na mwenyewe hana habari, maana kule kwao injini huwaka hata bila plagi. Akipanda huku mwezi wa saba ndipo anapoijua dunia.

Mke wangu akanisogelea, akaninong'oneza, "Baba Elia, leo si Jumamosi? Si umechoka wewe?"

Nilimwelewa. Ningeweza kusema plagi hazipatikani mpaka Jumatatu, na hadi Jumatatu nani anajua, hasira za Yohana zingepoa, barabara ingeharibika, Mungu angeleta jambo. Nilitamani sana kusema hivyo. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini vijana, zaidi ya miaka thelathini watu wameniletea magari yaliyokataa kuwaka, na sijawahi kumwambia mtu haliwaki ilhali najua linawaka. Sikujua namna ya kuanza siku ile. Mdomo wangu wenyewe ukasema, "Fungua boneti, shemeji."

Nikapima kwa taa ndogo. Plagi tatu kati ya nne zilikuwa zimekufa. Nikaivika pampu matambara. Maji ya moto yaliyokuwepo ni yale ya pipa la mama, na mama mwenyewe alikuwa ameshateremka jikoni, amekaa mbele ya geji kama siku zote. Akaniona naingia na ndoo. Aliongeza gogo motoni, akautazama mshale ukipanda, kisha akasogeza fimbo yake ili nipite. Nilichota ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka pipa likaisha. Nilimwaga kwenye matambara, nikajaza rejeta, nikasubiri, nikamwambia Yohana awashe. Ikazunguka mara nne. Ikashika. Ilinguruma vizuri kabisa, na mimi nilisimama pale nikiwa na furaha ya fundi na huzuni ya mkwe kwa wakati mmoja, na sikujua nifanye nini na uso wangu.

Mama akaja na koti lake. Yohana akashuka kumfungulia mlango. Mama hakupanda. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akamwuliza, "Yohana, kwako kule asubuhi mnafanyaje ili gari liwake?"

"Tunawasha tu, mama. Hakuna mpeho."

"Na maji ya kuoga?"

"Yanapata moto yenyewe kwenye tangi. Jua linatosha."

"Na chumba?"

"Mama, chumba chako kina feni. Tunatafuta ubaridi, siyo joto."

"Kwa hiyo mimi kazi yangu itakuwa nini?"

Yohana akacheka kwa upendo, namjua, anampenda mama yake. "Kupumzika, mama. Umefanya kazi ya kutosha."

Miezi michache baadaye niliambiwa maneno hayo hayo, ukumbini, na keki ikiwa mbele yangu na ninyi nyote mkipiga makofi, na ndipo nilipouelewa uso alioufanya mama asubuhi ile. Alimtazama mwanawe kwa muda, kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya wageni.

"Shusheni begi," akasema.

Yohana alimtazama dada yake, akanitazama mimi, akamtazama tena mama. Hakuna aliyemsaidia. Alilishusha begi mwenyewe, akaliweka barazani. Halafu akaingiza mkono dirishani kuzima injini.

"Usilizime," mama akasema. "Watu wamehangaika kuliwasha. Nenda nalo."

Akaondoka nalo. Tulisikia gari likiteremka upande wa Soni, na ukungu ukafunga nyuma yake. Mama aliingia jikoni, akagonga pipa kwa fimbo, likalia tupu. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Akageuka kwa binti yake.

"Mwambie Baba Elia pipa halina maji, na mshale umeshuka. Mimi siwezi kufanya kazi hivi."

Nikachukua ndoo.